Sabuni Yetu Ng'ambo ya Ziwa

Mimi ni mtu wa majivuno, na kwa jambo hili sitaomba radhi. Wakati wa vita, mji wetu wa Kindu, huku Maniema, ulipofungwa kila upande, watu wake hawakuacha kuoga. Treni ilikuwa imekufa. Barabara za kwenda Kalima na Kasongo zilikuwa mali ya wenye bunduki. Mto ulikuwepo, maji tele, lakini ukivuka kwenda Alunguli huna hakika ya kurudi. Kilichoingia mjini kiliingia kwa ndege, na ndege zile zilikuja kwa ajili ya mawe ya bati kutoka Kalima. Sabuni, chumvi na vitenge vilipewa nafasi iliyobaki. Mche mmoja wa sabuni ulikuwa kitu cha kunuswa na kurudishwa mezani.

Basi sabuni ya mji tuliipika sisi. Nikisema sisi, nasema mimi na mke mwenzangu.

Bwana wetu alikuwa mtu wa reli. Aliondoka na treni ya mwisho kwenda kusini, na habari ya kifo chake ilitufikia kwa mdomo wa mtu aliyetembea kwa miguu majuma mengi. Tukakaa eda katika nyumba moja, wanawake wawili ambao siku za amani tulikuwa hatuombani hata kiberiti. Mimi mkubwa, mzaliwa wa mtaa wa Kasuku hapa mjini, mwenye ulimi. Yeye mdogo, mtoto wa vijiji vya Pangi, mkimya, na akinyamaza ujue umekwisha kushindwa. Aliniita Yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, lakini alilitamka neno hilo kwa namna ambayo sikuwahi kujua kama ni heshima au ni mzaha. Eda ilipokwisha, majirani walitazamia tugawane masufuria na kutawanyika. Tungetawanyikia wapi? Njia zote zilikuwa zimefungwa.

Yeye alikuwa wa jivu. Alichoma mashada matupu ya michikichi, yale yanayobaki baada ya ngazi, yaani matunda yenye mafuta, kutolewa, akajaza jivu lake katika kikapu kikuukuu kilichotandikwa majani, akamwagia maji polepole. Chini yalitoka maji mekundu kama chai, makali ya kuchubua ulimi. Mimi nilikuwa wa jungu: mafuta ya mawese, moto, mwiko mrefu, na macho yanayotiririka machozi kwa moshi. Kilichopatikana kilikuwa cheusi, laini, na sitadanganya, hakikuwa na sura. Lakini kilitoa povu. Tulikiuza kwa matonge, juu ya majani, na kila tonge tukalibandikia kijitonge cha nyongeza.

Nyongeza sharti niieleze, kwa maana ndiyo iliyotuingiza matatani baadaye. Kwetu mtu hauzi bila kuongeza. Mwenye mchele akishapima, anamwaga konzi moja ya juu. Mwenye samaki anatia kadogo kamoja. Asiyeongeza, hata vitu vyake viwe vizuri vipi, watu wataulizana amelelewa na nani. Vita vilituondolea mengi, lakini hilo hatukukubali liondoke. Askari wa mjini walioga kwa sabuni yetu, wapiganaji wa porini waliipata kwa njia zao, na wakunga walinawia hiyo kabla ya kupokea watoto. Mji ulijiosha wenyewe. Nikikutana leo na kijana mwenye ndevu aliyezaliwa miaka ile, humwambia usoni kwamba mtu wa kwanza kumtakatisha duniani ni mimi.

Amani iliporudi tukapata soda, ile chumvi kali nyeupe ya kutengenezea sabuni, na hatukuhitaji jivu tena. Tukaanza kumwaga sabuni katika visanduku vya mbao na kuikata miche, ya rangi ya manjano, migumu, yenye harufu ya mawese. Tukapata wanawake wa kutusaidia. Taabu ilikuwa ni ile soda. Ilitoka mbali, ikavuka mipaka na vizuizi, na kila mkono ulioipitisha ulijilamba kidogo. Ikifika Kindu, ungedhani ni dawa ya kufufua maiti.

Ndipo nchi yetu ikaingia katika umoja wa biashara na majirani wa mashariki. Redio ilieleza kwamba bidhaa zitengenezwazo katika nchi wanachama zitavuka bila ule ushuru wa zamani. Nilishangilia mpaka wenzangu wakanishangaa. Niliona mlango unafunguliwa kwa ajili ya soda yangu. Kumbe mlango ukifunguka, hauchagui wa kumpitisha. Soda ilishuka bei, nisidhulumu. Lakini nyuma ya soda ilikuja sabuni yenyewe, iliyokwisha kupikwa, iliyonyooka, yenye marashi, imevishwa karatasi kama bibi harusi. Aliyeileta kwa wingi ni mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mwenye depo kubwa hapa Kasuku, mtu wa kanisa, mpole, asiyepandisha sauti. Nilimchukia kwa upole wake. Ningemchukia vizuri zaidi kama angekuwa mkorofi.

Bei yake hatukuiweza. Jirani yetu wa mtaa wa pili, naye mpika sabuni tangu vita, alizima jungu lake. Leo anakaanga maandazi. Mwingine alirudi kijijini kulima mpunga. Wanawake waliokuwa wakitusaidia wakaanza kuchelewa kuja, kisha wakaacha kuja. Walionunua kwetu tangu enzi za tonge jeusi walipita mbele ya meza yetu wakitazama upande mwingine, wakisalimia haraka haraka.

Asubuhi moja nilifika sokoni nikaona miche ya kigeni imepangwa juu ya meza yetu, karibu na yetu. Mke mwenzangu alikuwa ameketi nyuma yake, anafuta vumbi kwa ncha ya kitenge.

"Hii njo nini?" nikamuuliza.

"Njo sabuni, Yaya."

"Ya nani?"

"Ya mwenye ataiuza."

Nikamwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nilisema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, maana nilitaka mashahidi.

"Muntu hakule mbachao, Yaya," akajibu, bila kuacha kufuta vumbi.

Nikaisukuma miche yake yote ikaanguka topeni. Mvua ilikuwa imenyesha. Hasira hasara: ilikuwa mali ya depo, ameichukua kwa ahadi, na haikuweza kurudishwa ikiwa na tope, wa kuisafisha ni mimi. Nikachota maji, nikachuchumaa, nikabandua karatasi zake, nikaiosha mmoja mmoja mbele ya watu wote. Ilitoa povu zuri, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Baada ya siku ile tulisemezana kwa ajili ya jungu tu. Lete mafuta. Koroga. Ondoa moto. Nyumbani kila mtu na mlango wake, kama siku za amani za zamani. Nilijua anavyofikiri. Alikuwa na haki ya kufikiri hivyo, na nilimkasirikia kwa kuwa nayo.

Aliyetupatanisha, walau nusu, ni yule yule wa Butembo. Alikuja mwenyewe kuuliza habari ya miche yake, akatukuta tumepeana migongo.

"Bamama, muko munagombana bure," akasema. "Mapatano haiko ya upande moja. Kama sabuni yangu inaingia, ya kwenu inaweza kutoka. Muombe cheti ya kuonyesha kama inafanyikiwa hapa, muvuke ziwa."

Nikamjibu kwamba chema chajiuza. Sijawahi kutembeza sabuni yangu kama mtu anayeuza mbuzi mgonjwa.

"Chema chajiuza kwenye kinaonekana," mke mwenzangu akasema. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema nami maneno mengi tangu tope. "Kule hakionekane, Yaya. Tuende mara moja. Safari ikikataa, miye ninaacha jungu. Nitauza ya depo, na weye utafanya penye utaona muzuri."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Bila yeye jungu lingezimika, hilo ni wazi. Mikono yangu haiwezi tena peke yake. Lakini nilichoogopa zaidi ni kwamba mimi na yeye tusingekuwa na neno la kutukutanisha. Bwana alikufa zamani. Watoto wamekua, wana maisha yao. Tungekuwa vikongwe wawili wanaosalimiana njiani.

Nikakubali. Tukaomba cheti, na watu wa ofisi inayotoa vyeti hivyo wakaja kwanza kutazama upishi wetu. Niliogopa walipouliza soda inatoka wapi, kwa sababu inatoka nje, na nilidhani watasema basi sabuni hii si ya kwenu. Hapana. Walisema mafuta ni ya michikichi ya Maniema, na soda ikishaingia katika jungu letu inatoka kitu kingine kabisa, kwa hiyo sabuni ni ya hapa. Nimeilaumu sana serikali maishani mwangu, lakini sheria ile niliipenda. Mchele wa dukani ukipikwa na mimi, wali ni wangu.

Tukangoja treni kama watu wanavyoingoja Kindu, yaani bila kuuliza. Ilipokuja tukapanda na katoni zetu, tukalala juu yake hadi Kalemie, kando ya ziwa, tukazipakia melini. Kila katoni ilikuwa imeandikwa katika cheti. Kando yake tulichukua kikapu kikubwa cha vipande vya nyongeza, maana wateja wapya ndio wa kuongezewa zaidi. Hatukukificha. Wala hatukukitaja. Wala haikutupitia akilini kwamba kingehitaji kutajwa: si bidhaa.

Katika bandari ya ng'ambo, nchi ya jirani, afisa wa ushuru alitusalimia shikamoo, neno ambalo kwetu si wengi wanaolitumia. Nikaitikia marahaba kwa shingo iliyonyooka. Alizihesabu katoni, akakitazama cheti, akaridhika. Akagusa kikapu kwa ncha ya kiatu.

"Na hizi, mama? Sizioni kwenye cheti."

"Hizi haziko za kuuza," nikasema.

"Za matumizi yenu wenyewe?"

"Hapana."

"Basi ni zawadi."

"Hapana, mwanangu. Zawadi unamupa muntu mwenye unamupenda. Hii unamupa ule mwenye amenunua, hata kama humupendi."

Alicheka. Wa nyuma yetu pia walicheka. Kisha akaweka kalamu chini, na nikaona kicheko kimekwisha. Alieleza kwa adabu kwamba sheria inaijua bidhaa na inaujua mzigo wa msafiri, lakini hiki chetu hakimo. Mzigo ukizidi cheti, cheti hakiwezi kuuombea. Ingebidi shehena yote ishikwe ichunguzwe, na pengine itozwe kama inavyotozwa ya mgeni.

Hapo ulimi ukanitoroka. Nilimwambia kwamba sabuni hii imeosha mji mzima chini ya risasi. Nilimwambia kwamba walioandika mapatano walikaa mezani bila kumwita hata mwanamke mmoja anayejua kuuza. Nilimwambia na mengine yaliyomhusu mama yake na malezi, ambayo sitayaandika. Afisa alitazama pembeni, kama mtu anayengoja mvua ipite. Alikuwa mvumilivu, nimshukuru sasa, maana siku ile sikumshukuru.

Mke mwenzangu alinivuta kitenge kwa nyuma kwa nguvu mpaka nikakaa juu ya katoni.

"Mwanangu," akamwambia afisa, "kama hii kikapu haivuke hapa?"

"Isipovuka, mama, mimi sijaiona."

Akakibeba kikapu akageuka nacho kwenye foleni. Akaanza kugawa. Kipande kwa mchukuzi, kipande kwa mwanamke mwenye dagaa, kipande kwa mwenye mtoto mgongoni, kipande kwa mzee aliyekuja kumpokea mtu. Alimpa kila mmoja kwa mikono miwili, akimwambia kila mmoja kwamba tutauza sokoni. Mimi nilikuwa nimekaa pale, moyo unaniuma. Nyongeza yetu yote, kwa watu wasionunua hata kipande! Yalikuwa mambo ya kichwa chini miguu juu, kama kula karamu kabla ya posa. Aliporudi na kikapu kitupu nilimwuliza kama amerukwa na akili.

"Mukono mutupu haulambwe, Yaya," akasema, akakipindua kikapu akakikalia.

Tuliuza siku kadhaa katika kona ya soko tuliyooneshwa. Siku ya kwanza tulitazamana na katoni. Siku iliyofuata akaja yule wa dagaa. Harufu ya samaki, akasema, imetoka mikononi kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akaja na dada zake. Wakaja wake za wachukuzi wakiulizia sabuni ya kikapu. Sisemi kwamba soko lilitikisika. Wengine walisema rangi hailingani, katoni hii njano, ile karibu kahawia, na walisema kweli. Mwingine aliinusa akasema inanuka mboga. Mke mwenzangu aliwasikiliza wote kwa kichwa kilichoinama, nami nikauma midomo.

Kilichonitesa ni kuuza bila kuongeza. Kila mtu aliyelipa akasimama kidogo, sijui kwa mazoea yake au kwa mawazo yangu, niliona nimemnyima. Basi nikawa nawaongezea maneno. Kila mnunuzi nilimweleza jinsi michikichi yetu ilivyo, moto unavyotakiwa kuwa, na jinsi ya kuiacha sabuni ipumzike kivulini ili isiishe upesi. Baadhi walikuwa wakirudi kusikiliza tu. Nilijiona niko nyumbani. Lugha ni ile ile, ila wao waliniambia ninasema kama watu wa zamani, na mimi nikalichukua hilo kuwa sifa.

Katoni za mwisho zilichukuliwa na mama mwenye kazi ya kufua nguo za watu, kwa bei ya chini. Kwa tulichopata tukanunua soda pale pale, kutoka mkono wa kwanza, bila wale wote wa katikati wa kujilamba. Nilipoliona pipa la soda likipandishwa melini kwa jina letu, nilisimama wima na kifua mbele mpaka baharia akaniuliza kama naumwa.

Lakini njia nzima ya kurudi mke mwenzangu hakusema lolote. Ziwani alitazama maji. Katika treni alitazama msitu. Mimi, ambaye sijawahi kushindwa kuuliza kitu, nilishindwa. Safari haikukataa, wala haikukubali kwa vigelegele. Alikuwa amesema mara moja, na mara moja ilikuwa imekwisha. Nikawa nampa sehemu kubwa ya muhogo wetu bila sababu.

Kindu tulikuta miche ya kigeni imeongezeka, imejengwa kama kuta mbele ya depo. Wa Butembo alitusalimia kwa furaha ya kweli, akauliza habari za safari. Nikamwambia nzuri sana, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Jirani yetu wa maandazi alikuja kuliona pipa la soda. Alilishika, akaligonga kidogo kwa vidole, akarudi kwenye kikaango chake. Kwake mapatano yalifika mapema mno, na sina neno la kumfariji.

Tuliporudisha cheti ofisini, karani alisema kwamba kuanzia sasa kazi yetu iandikishwe, tujulikane ni akina nani na tuna uhusiano gani. Akaniuliza mimi kwanza. Nikasema jina, mtaa, kazi: mpika sabuni. Akaandika.

"Na huyu mama?"

Nilitazama magoti yangu. Nikaona kwamba jibu si langu, na kwamba maisha yangu yote yaliyobaki yako mdomoni mwa mtu ambaye hapendi kusema.

"Andika mukewenza," mke mwenzangu akasema.

Karani akatabasamu. "Mama, hapa haiko kwa kadhi. Bwana yenu iko wapi?"

"Alikufa mu vita."

"Sasa, weye mukewenza ya nani?"

"Ya huyu," akasema, akaninyooshea kidevu. "Tunapika jungu moja. Andika."

Nililia pale pale, mimi mwenye ulimi, mbele ya karani na watu wote waliokuwa wakingoja zamu. Na karani akaandika.